Shemeji Alijazia Hojaji Sokoni: Nifanyeje na Tasnifu Yangu?

Mwalimu mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka Kisumu. Mimi ni muuguzi katika wodi ya watoto ya hospitali moja ya umma, nina umri wa miaka 36, nimeolewa na nimejaliwa watoto watatu. Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikisomea shahada ya uzamili ya afya ya umma katika chuo kikuu kimoja cha huku magharibi mwa Kenya. Nahudhuria masomo Ijumaa jioni na Jumamosi kutwa, na nimebadilishana zamu na wenzangu mara nyingi hivi kwamba sasa naona haya kuwaomba tena.

Utafiti wangu unahusu vyandarua vyenye dawa. Nataka kujua ni watoto wangapi wa chini ya miaka 5 waliolala ndani ya chandarua usiku wa kuamkia siku ya mahojiano, na kwa nini wengine hawakulala ndani yake ilhali chandarua kimo nyumbani. Mada hii sikuitoa vitabuni. Niliiona wodini, kwa watoto wanaoletwa wakiwa weupe viganjani kwa kuishiwa damu, na akina mama ambao nikiwauliza kama wana chandarua huniambia kipo, kimekunjwa, kinasubiri kitanda. Nilichagua vijiji tisa vya Seme, hapa Kaunti ya Kisumu. Kwa kanuni tuliyofundishwa nilipata sampuli ya kaya 384, nikaongeza asilimia 10 kwa ajili ya watakaokataa au kukosekana, ikawa 422.

Nilichukua wasaidizi wanne, na mmoja wao ni mdogo wa mume wangu. Ana diploma na amekaa bila kazi kwa muda mrefu. Aliyeniombea nafasi hiyo kwa niaba yake ni mama mkwe, ambaye ndiye anayekaa na watoto wangu ninapokuwa kazini na masomoni, nami sikuwa na mdomo wa kukataa. Nilimpa vijiji vitatu, viwili kati yake vikiwa ukingoni mwa ziwa, na kwa muda wa wiki mbili za mwezi wa Februari aliniletea hojaji 118. Nilikuwa nikiwalipa wote shilingi 150 kwa kila hojaji iliyokamilika.

Mahojiano yalijazwa kwenye simu, kwa programu inayoandika yenyewe saa ya kuanza, saa ya kumaliza na mahali mtu aliposimama. Sikuyaangalia hayo hadi kazi ilipokwisha. Nilipoyafungua mwezi uliopita niliona kwamba hojaji 73 kati ya zile 118 zilijaziwa mahali pamoja, karibu na soko la Kombewa, na nyingi kati yake zilichukua chini ya dakika tano, ingawa mimi mwenyewe nilipozijaribu kwa majirani zangu hazikupungua nusu saa, maana maswali ni 64. Kuna siku moja alijaza 19. Majina ya akina mama ni ya kweli, kwa sababu yalitoka kwenye orodha ya kaya tuliyopewa na wahudumu wa afya ya jamii, na kisanduku cha ridhaa kimetiwa alama katika kila hojaji. Karibu zote 73 zinasema mtoto alilala ndani ya chandarua.

Nilimwendea msimamizi wangu wa kwanza na kwa aibu nikamweleza nusu ya jambo. Nilisema tu kwamba kuna hojaji zinazonitia shaka. Alinijibu akiwa amesimama mlangoni kwamba nifute zinazonitia shaka, niendelee na uchanganuzi. Mwenzangu mmoja darasani anasema hata kufuta hakuna haja, kwamba hiyo ndiyo kazi ya kusafisha data na kila mtu hupitia hapo. Amenipa namba ya mtu anayefanya uchanganuzi kwa malipo, ambaye anaweza kurekebisha saa na mahali ili zifanane na zile nyingine.

Nimepangiwa kuitetea tasnifu mwezi wa Agosti ili niwahi mahafali ya Desemba. Nina deni la karo, kibali changu cha utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kinakaribia kuisha, na kupandishwa cheo kwangu kazini kunangojea cheti hicho. Mume wangu hajui lolote kuhusu ndugu yake. Je, nifute hizo 73 tu? Nifute zote 118? Na nitaishije na mama mkwe nikilifichua jambo hili?

Muuguzi Mwenye Mashaka, Kisumu

*

Dada yangu mpendwa,

Hojaji zote 118 zitoke, vile vijiji vitatu virudiwe, na msimamizi wako pamoja na kamati ya maadili iliyokuidhinishia utafiti waelezwe kwa maandishi kabla hujakanyaga tena Seme. Hilo ndilo jibu langu, na najua ni zito kwa mtu anayetoka zamu ya usiku akaingia darasani. Naomba univumilie nikueleze sababu zake, kwa maana baadhi ya uliyoambiwa yanafanana sana na ushauri mzuri.

Tuanze na ushauri wa kufuta na kuendelea. Ukiziondoa 73 unabaki na hojaji 349, na ukiziondoa zote 118 unabaki na 304. Mtu anayetazama hesabu peke yake atakuambia kwamba hujapoteza kitu kikubwa, na kwa upande wa hesabu atakuwa sahihi: kwa sampuli ya 384 ulikubali kukosea kwa asilimia 5 juu au chini, na kwa 304 kosa hilo linafika asilimia 5.6 tu. Tatizo lako haliko kwenye idadi. Shemeji yako hakugawiwa kaya zilizotawanyika kote; alipewa vijiji vitatu kati ya tisa, na umesema viwili kati yake viko ukingoni mwa ziwa. Ukizifuta hojaji zake bila kurudi, vijiji hivyo vitatoweka kwenye utafiti huku kichwa cha tasnifu kikiendelea kudai kwamba umezungumza kwa niaba ya vyote tisa, na watakaokuwa wametoweka ni watoto wanaoishi karibu zaidi na maji, ambao huenda ndio wanaohitaji zaidi chandarua unachokichunguza.

Kwa nini zote 118 na si 73 pekee? Zile 45 zilizobaki zina saa nzuri na mahali pazuri, lakini mtu aliyebuni 73 amekwisha kukunyima uwezo wa kuziamini zilizosalia. Inawezekana alifika kwenye boma, akauliza maswali kumi ya mwanzo, na yale mengine akayajaza akiwa njiani kurudi. Kuna hatari nyingine pia, ambayo nimeiona kwa wanafunzi waaminifu kabisa: ukikaa mwenyewe usiku ukiamua ni hojaji ipi ina dalili ya ukweli, utajikuta umebakiza zile zinazokubaliana na ulichokuwa ukikitarajia. Ni salama zaidi kuweka kanuni bila kutazama majibu, nayo ni kwamba kazi yote ya msaidizi aliyethibitika kubuni inatoka. Inatoka kwenye uchanganuzi, lakini haifutwi. Nakala asili ya data, pamoja na saa zake na mahali pake, ihifadhi kama ilivyo mahali ambapo huwezi kuigusa kwa bahati mbaya, kwa sababu huo ndio ushahidi wako kwamba uligundua na kwamba ulichukua hatua.

Huyo mtu wa kurekebisha saa na mahali, futa namba yake. Hadi sasa aliyebuni data ni msaidizi wako, na wewe ni mtafiti aliyekosewa. Siku saa hizo zitakapobadilishwa kwa ruhusa yako, aliyebuni utakuwa wewe, na shahada yoyote iliyojengwa juu ya kosa hilo inaweza kunyang'anywa hata baada ya miaka. Kusafisha data ni kazi halali yenye mipaka yake: unasahihisha umri ulioandikwa 350 badala ya 35, unaunganisha majina mawili ya kijiji kimoja, unaandika kila ulichobadilisha na sababu yake. Neno hilo lisitumiwe kufunika kitu kingine.

Uliniambia kwamba karibu zote 73 zinasema mtoto alilala ndani ya chandarua, nami sikushangaa. Anayebuni majibu huandika kile anachodhani ndicho kizuri, au kile anachodhani mwenye utafiti angependa kukisikia. Kwa sababu hiyo data ya kubuni haitawanyiki huku na huku ikafidiana. Yote huvuta upande mmoja. Matokeo yako yakisema kwamba matumizi ya vyandarua katika vijiji vya ziwani ni ya juu sana, ofisa wa afya wa kaunti atakayeisoma ripoti yako atakuwa na haki ya kuhitimisha kwamba huko hakuna kazi iliyobaki, apeleke wahamasishaji wake kwingine. Uchunguzi wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2020 ulikuta vimelea kwa takriban asilimia 19 ya watoto waliopimwa katika ukanda wa ziwa, wakati kwa nchi nzima ilikuwa takriban asilimia 6. Huo ndio ukanda wako. Yule mama wa wodini mwenye chandarua kilichokunjwa hatakuwamo kwenye jedwali lako hata kidogo, ilhali yeye ndiye aliyekufanya uichague mada hii.

Naomba nikukumbushe pia kwamba unafanya utafiti huu jirani na mahali ambapo mengi tunayoyajua kuhusu vyandarua yalithibitishwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzao wa CDC, shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa, waliendesha jaribio kubwa la vyandarua vyenye dawa huko Asembo na Gem, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Siaya. Vijiji vilipigiwa kura. Vingine vikapata vyandarua mwanzoni, vingine vikasubiri. Vifo vya watoto wadogo vilipungua katika vijiji vilivyopata vyandarua, na hilo ndilo linalokumbukwa na wengi. Lakini kulikuwa na jambo la pili, ambalo mimi hulipenda zaidi kila ninapolifundisha. Maboma ambayo hayakuwa na chandarua, mradi yalikuwa ndani ya takriban mita 300 kutoka kwa maboma yaliyokuwa navyo, nayo yalipata kinga, kwa sababu mbu wenyewe walikuwa wamepungua katika ujirani huo. Ugunduzi wa aina hiyo uliipa nguvu hoja ya kuwafikia watu wote wa eneo, badala ya wajawazito na watoto wachanga peke yao, na ndiyo maana leo lengo la ugawaji wa jumla ni chandarua kimoja kwa kila watu wawili.

Sasa fikiria jinsi jambo hilo lilivyoweza kuonekana. Mita 300 ni umbali wa kutoka boma moja hadi la jirani wa tatu au wa nne. Lilionekana kwa sababu kila boma lilikuwa limechorwa kwenye ramani pale pale lilipo, na kwa sababu mtu aliyeandika kwamba mtoto wa boma fulani yu hai au amefariki alikuwa ameingia kwenye boma hilo akaongea na wenyewe. Wahojaji wachache tu wakikaa sokoni na kujaza kwa kukisia, mita hizo 300 zinapotea. Hakuna uchanganuzi wa hali ya juu ambao ungeziokoa. Programu yako ya simu iliandika mahali kwa sababu hiyo hiyo, na ndiyo maana nasisitiza kwamba vijiji vile vitatu virudiwe na watu wanaotembea.

Kuna sehemu ya lawama ambayo lazima niiweke mbele yako, na naiweka kwa upendo. Ulilipa shilingi 150 kwa kila hojaji. Malipo ya namna hiyo yanamwambia msaidizi kwamba unachonunua ni hojaji iliyojaa, na yanamwadhibu mwaminifu anayefika kwenye boma mara tatu bila kumkuta mama. Ongeza hapo maswali 64, jua la Februari, na siku ambazo zamu ilikuzuia kufika, kisha ujiulize ni kijana gani asiye na kazi ambaye hangeshawishika. Awamu ya pili walipe kwa siku, weka kikomo cha maboma sita kwa kila mhojaji kwa siku, na ufungue data kila jioni kabla ya kulala, utazame saa na mahali. Taarifa ile ile iliyokuumiza mwezi uliopita ilikuwa kwenye simu tangu siku ya kwanza. Maswali yasiyo na jedwali katika sura ya nne, ile ya matokeo, yaondoe. Yale yanayohusu chandarua yaache kwa maneno yale yale ya Kidholuo uliyotumia mwanzoni, ili majibu ya awamu mbili yaweze kulinganishwa.

Wasaidizi wengine watatu nao wasihesabiwe kuwa wasafi kwa sababu tu saa zao zinaonekana nzuri. Chukua kwa kura asilimia 10 ya hojaji zao 304, yaani kama 30, urudi wewe mwenyewe kwenye maboma hayo ukiwa na maswali machache ambayo majibu yake hayabadiliki kwa miezi miwili: kama kuna mtu alikuja kumhoji mama huyo, na alikuwa kijana au binti, watoto wake wa chini ya miaka 5 ni wangapi, nyumba imeezekwa kwa mabati au kwa nyasi, ana vyandarua vingapi na alivipata kliniki ya wajawazito au kwenye ugawaji wa jumla. Usitegemee kupiga simu, kwani namba iliyoandikwa kwenye hojaji inaweza kuwa ya yule yule aliyeijaza.

Nimetahini tasnifu za afya ya umma kwa miaka mingi, na naweza kukuambia kwamba data ya kweli ya vijijini ina mikunjo. Mama asiye na hakika ya mwaka aliozaliwa husema ana miaka 30, au 35, au 40, kwa hiyo umri hurundikana kwenye namba hizo. Mwingine hukatiza mahojiano katikati kwa sababu mtoto analia. Kuna kaya isiyo na mtu, na kuna inayokataa. Data ya kubuni hukosa mikunjo hiyo, ikawa laini kama nguo iliyopigwa pasi, na mtahini mzoefu huishtukia hata kabla ya kufika kwenye majedwali.

Nije sasa kwa jambo ambalo kwangu ni zito kuliko tarehe ya kutetea. Kuna akina mama 73 walio hai, wenye majina yao, ambao rekodi yako inadai kwamba walielezwa utafiti, wakakubali, wakasema maneno ambayo hawakuyasema. Ridhaa ya mtu imeghushiwa, na hilo haliwezi kumalizwa kati yako na kompyuta yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa zinazomhusu mtu ziwe sahihi, na kamati ya maadili ilikupa idhini kwa ahadi uliyoiandika kwamba kila mshiriki ataulizwa kwanza. Iandikie kamati barua, uite jambo hili kwa jina lake, yaani ukiukaji wa itifaki ya utafiti. Eleza uligundua lini na kwa njia gani, ni hojaji ngapi, na unapendekeza nini. Waombe wakuongoze kama akina mama hao waelezwe, na waelezwe na nani. Katika miaka yangu ya kazi nimeona kamati zikimsaidia mwanafunzi aliyejileta mwenyewe. Niliowaona wakiitwa kujibu mashtaka ni wale waliogunduliwa. Katika barua hiyo hiyo omba idhini ya marekebisho ya kurudia vijiji vitatu, na kibali cha NACOSTI kiombee kuongezwa muda sasa, kwa sababu hairuhusiwi kuingia uwanjani kwa kibali kilichoisha.

Msimamizi wako nisingemhukumu kwa jibu alilolitoa mlangoni, kwa sababu alijibu nusu uliyompa. Mwandikie barua pepe, nakala iende kwa msimamizi wa pili, na uambatanishe jedwali dogo lenye namba ya hojaji, dakika ilizochukua na mahali ilipojaziwa. Jedwali hilo litasema yale ambayo aibu ilikuzuia kuyasema. Omba kikao cha kukaa chini, na baada ya kikao andika mliyokubaliana, uwatumie wote wawili. Ikiwa bado atasisitiza kwamba ufute tu na kuendelea, hapo una haki ya kulifikisha jambo kwa mratibu wa masomo ya uzamili katika idara yako, na hutakuwa umemvunjia heshima.

Kwa upande wa nyumbani, anza na mume wako, na umweleze leo kabla ya kuituma barua yoyote, maana lisingefaa alisikie kwa mtu mwingine. Kisha nyinyi wawili mwiteni shemeji faraghani. Usimwendee kama polisi. Mwonyeshe jedwali, umpe nafasi ya kusema mwenyewe ilivyokuwa, na umuulize ni maboma yapi alifika kweli, hata kama hutazitumia hojaji zake, kwa sababu kukiri huko kutakusaidia kuieleza kamati yaliyotokea. Zile shilingi 17,700 ulizomlipa usizidai; gharama ya kuzidai itakuwa kubwa kuliko zenyewe, na sehemu ya kosa hilo ilitokana na namna ya malipo uliyoichagua. Asirudi uwanjani katika utafiti huu kwa kazi yoyote. Katika tasnifu andika "msaidizi mmoja wa utafiti", bila jina na bila kutaja undugu, jambo ambalo ni msimamizi na kamati pekee wanaohitaji kulijua. Mama mkwe aelezwe na mwanawe mkubwa, kwa maneno machache, kwamba kazi ya vijiji vitatu ilikuwa na kasoro na inarudiwa. Hilo ni kweli, na ndilo analohitaji kulijua.

Kuhusu fedha, nimekupigia hesabu. Wahojaji wawili, kila mmoja akienda maboma sita kwa siku, watamaliza kaya 118 kwa siku kumi, na ukiwalipa shilingi 1,200 kwa siku utatumia shilingi 24,000 bila nauli. Ikiwa fedha hizo hazipo kabisa, chagua kaya 60 tu kutoka vijiji hivyo, kazi ya siku tano kwa nusu ya gharama, kisha katika uchanganuzi uzipe uzani unaolingana na idadi ya kaya za vijiji vile, ukisaidiwa na mwalimu wa takwimu wa idara yako. Kaya 60 zilizofikiwa zitakupa zaidi ya 118 zilizokisiwa. Kwa vyovyote vile, chagua kaya upya kwa kura kutoka orodha nzima ya kila kijiji, kwa sababu kuyarudia majina yale yale kutawachanganya akina mama ambao kamati bado haijaamua waelezwe nini. Inawezekana ukakosa mahafali ya Desemba. Omba mapema kuongezewa muda na kulipa karo kwa awamu, na barua ya kamati ya maadili uitumie kama sababu. Ni sababu yenye heshima kuliko nyingi ninazozisoma katika maombi kama hayo.

Limebaki jambo moja la kitaalamu ambalo watahini watakuuliza, nalo ni msimu. Ulikusanya data Februari, wakati wa kiangazi, na sasa mvua za masika zimeanza. Mbu wakiongezeka, watu waliokuwa wamevikunja vyandarua huvitundika tena, hivyo vijiji vitatu vikihojiwa wakati wa mvua vinaweza kuonekana vinatumia vyandarua zaidi ya vile sita kwa sababu ya mvua pekee. Hapo ndipo ile ziara yako kwenye maboma 30 itakapofanya kazi mara ya pili. Ongeza swali moja, lile lile la Februari, la kama mtoto alilala ndani ya chandarua usiku wa jana, na ulinganishe jibu la sasa na la mwanzo kwa kaya ile ile. Maboma 30 ni machache, hayatakupa kipimo kamili cha mabadiliko, lakini yatakuonyesha upande yalikoelekea. Tofauti utakayoipata iandike katika sura ya matokeo, na tarehe za awamu zote mbili zionekane juu ya kila jedwali. Panga ziara hizo asubuhi, na uepuke siku za soko la Kombewa, kwa sababu akina mama wengi hawatakuwa nyumbani.